Risasi ya Mzee wa Kanisa

Ukikutana naye mara ya kwanza hakukuuliza jina. Alikushika kifundo cha mkono, akakibonyeza kwa kidole gumba kama mama anayechagua parachichi sokoni Nyasho, akafumba macho kidogo, kisha akatoa hukumu. "Huu ni mfupa wa chipsi." Au, "Huu ni mfupa wa soda, mwanangu, ukianguka unakwisha." Siku nilipohamia Bweri, hapa Musoma, mwalimu mgeni wa shule ya msingi, alinibonyeza mbele ya vijana waliokuwa wananishushia godoro. "Mwalimu," akasema kwa sauti ya kuwafaidisha wote, "wewe umekulia maji ya bomba." Ilikuwa kweli. Lakini angeweza kuanza na karibu.

Sote tulimwita Mzee wa Kanisa, kwa sababu ndicho alichokuwa: mzee wa kanisa letu na mwenyekiti wa kamati ya nidhamu. Jina alikuwa nalo, ila sijawahi kusikia mtu akilitumia. Hata mkewe, Mama Bwire, alimwita "mzee" tu. Alizaliwa wapi na kwa nani, hayo nawaachia wanaopenda koo za watu. Mimi nilikuwa jirani. Ua wa minyaa ndio uliotutenganisha, na ua wa minyaa hauzuii sauti.

Kwa mafundisho yake, binadamu walikuwa wa aina mbili. Wa kwanza ni waliokuzwa kwa dagaa, furu wale samaki wadogo wenye miiba, ugali wa muhogo na maji ya ziwa. Wa pili ni waliobaki, ambao aliwahurumia. "Nyama ya mtu inadanganyaga," alipenda kusema. "Mtu ananenepa kwa bia, anakwambia ni afya. Mfupa haujui kudanganya. Ulichokula, ulichokunywa, ulikoishi, yote yamo mle." Aliyasema hayo harusini, akimtazama bibi harusi viganja. Aliyasema msibani. Tulipomzika jirani wa Nyakato aliyeumwa na nyoka, Mzee wa Kanisa alipewa nafasi ya kutoa neno la faraja, akatumia muda mrefu kutueleza kwamba marehemu alikuwa mpenzi wa mkate mweupe. Nyoka hakutajwa.

Furu alimtafuna kuanzia kichwani. Ulimsikia kutoka kwangu: kra, kra, kama mtu anayetembea juu ya kokoto. Alikuwa hatemi mwiba. Halafu, baada ya kuusifu mlo wa mababu, aliletewa chai iliyotiwa sukari mpaka kijiko kikasimama, na hiyo sukari hakuwahi kuitolea mafundisho.

Adui yake mkubwa alikuwa tumbaku. Bia aliikemea kwa wajibu, tumbaku aliikemea kwa mapenzi. Jumapili alisimama mlangoni mwa kanisa akisalimia vijana kwa kuwashika mkono, na kila mkono ulipopita aliuinua kidogo, akaunusa. Kijana mmoja wa sauti ya nne alisimamishwa kwaya kwa kukutwa na kiberiti mfukoni. Alijitetea kwamba mama yake alimtuma kiberiti. Mzee wa Kanisa akamjibu, "Na shetani alimtuma mama yako." Hata Pasaka kwaya iliimba bila besi.

Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa maombi. Kila jioni, kabla ya chakula, alipanda peke yake kwenye mawe makubwa nyuma ya nyumba zetu, yale yaliyobebana kana kwamba mtu aliyapanga akaghairi. Hakutaka kufuatwa. Alikaa huko, akarudi taratibu akitafuna majani ya mwarobaini, macho mekundu kwa kulia mbele za Mungu. Akina mama walituambia tumuige.

Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na uwanja, na uwanjani alikuwa Fundi Magesa. Hapa lazima nieleze kazi, kwa sababu ndiyo iliyoleta yote. Miaka mingi Mzee wa Kanisa alikuwa fundi betri kule Bunda. Betri za gari zilizokufa alizipasua, akatoa vile vibamba vya ndani, akaviyeyusha kwenye karai, akamimina ile metali yake, risasi, kwenye vitundu vya udongo. Ikipoa inakuwa vidonge vizito ambavyo wavuvi hutunga kwenye nyavu ili zizame. Mgongo ulipochoka akahamia Bweri na kumkodisha uwanja Magesa, mwanafunzi wake wa zamani, aendelee na kazi ileile. Basi asubuhi tulipata moshi wa karai, mchana vumbi la kijivu, na ukipepeta mchele upepo ukiwa wa upande ule, unaupepeta mara mbili. Niliwahi kumwambia, "Mzee, huu moshi unakaba." Akanibonyeza mkono. "Mwalimu, moshi wa kazi hauui. Unaoua ni moshi wa starehe."

Pale uwanjani ndipo alipokuwa akicheza Nyanjura, mjukuu wa Mzee wa Kanisa, ambaye wazazi wake walimwacha hapo walipokwenda kutafuta maisha. Matone ya risasi yaliyomwagika yakapoa aliyaokota, akayapanga kwenye kifuniko cha ndoo, akayauza kama dagaa. Nilinunua sana dagaa wale. Alipokuwa darasa la kwanza kwangu, alikuwa mtoto wa kunyanyua mkono kabla swali halijaisha.

Sasa, mtu huyu mwenye mifupa ya ziwa aliangushwa na mbuzi. Hata si mbuzi mwenyewe. Ni kamba yake. Alikuwa anavuka njia akimweleza kijana wa bodaboda kwamba mfupa wa paja wa mtu wa zamani ungeweza kufanywa reli, akajikwaa kwenye kamba, akaenda chini, na mfupa wa paja ukavunjika shingoni, pale unapoingia nyonga. Tulipomwinua, neno lake la kwanza lilikuwa, "Huyu mbuzi ni wa nani?" La pili, akiwa amekunja uso kwa maumivu, "Isiandikwe kwamba umevunjika. Umeteguka."

Wakampeleka hospitali kubwa Mwanza, wakamwekea nyonga ya bandia. Huko alikutana na dada mmoja wa chuo aliyekuwa anatafiti mifupa: anachukua kile kichwa cha mfupa kinachotolewa wakati wa upasuaji, anapima ndani yake kuna metali gani na kwa kiasi gani, halafu anamuuliza mwenye mfupa ameishi wapi, amekula nini, amefanya kazi gani. Alimwomba Mzee wa Kanisa ruhusa. Nadhani hakuna ruhusa iliyowahi kutolewa kwa furaha kubwa kama ile. "Chukueni," akamwambia. "Mkajifunze." Alirudi Bweri kwa magongo mawili na habari moja: mfupa wake uko chuo kikuu. "Katika ukoo wetu," alitangaza kanisani, "ndio wa kwanza kufika."

Dada mtafiti alipopiga simu kusema atapita Musoma na majibu, Mzee wa Kanisa aliita watu. Viti vya kanisa vikaletwa, turubai likafungwa, sufuria la chai likachemka. Mchungaji alikuwepo, wazee wenzake walikuwepo, nusu ya mtaa ilikuwepo, na wengine wamesimama nyuma ya minyaa. Dada akafika, akaona umati, akasita.

"Shikamoo baba."

"Marahaba binti. Kaa hapo mbele."

"Baba, majibu ya mtu ni siri yake. Tungeingia ndani kwanza."

"Siri ya nini? Mfupa una siri? Sema hapa hapa, watu wajifunze."

Alimsihi tena kwa sauti ya chini. Akakataa tena kwa sauti ya juu. Basi dada akakaa, akaanza kwa upole. Alisema mfupa haukai kama jiwe. Unajengwa na kubomolewa kila siku, na kila unapojengwa unachukua kile mwili unachokutana nacho: maji, chakula, moshi, vumbi la kazi. Mzee wa Kanisa alitikisa kichwa kwa kila neno kama mwenye hotuba.

"Zinki iko vizuri. Chuma kiko vizuri. Kuna kitu kinaitwa strontiamu, hicho kiko juu kidogo, lakini si kibaya, kinatokanaga na maji na samaki wadogo mnaowala na mifupa yao."

"Mmesikia?" Mzee aligeukia watu. "Samaki!" Wakapiga makofi.

"Halafu kuna kadimiamu. Iko juu sana."

"Hiyo nayo ni ya samaki?"

"Hapana, baba. Kwa kiasi hiki…" Dada alitafuta pa kuangalia. "Mara nyingi tunaionaga kwa wavutaji wa sigara. Wa miaka mingi."

Kuku alipita katikati ya viti, na kila mtu alimsikia anavyokanyaga. Dada, maskini, akajaribu kumwokoa. "Labda ni kuishi nyumba moja na mtu anayevuta."

Macho yote yakahama, yakatua kwa Mama Bwire, aliyekuwa ameshika birika.

"Mimi?" akasema Mama Bwire.

Aliweka birika chini. Akamtazama mumewe, akayatazama mawe kule nyuma, akamtazama tena mumewe. "Kumbe," akasema polepole. "Miaka yote hii nadhani unamlilia Mungu, kumbe unamfukizia."

Kijana wa sauti ya nne alicheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Mchungaji alianza kutafuta biblia yake, ambayo ilikuwa mapajani pake. Katika zogo hilo dada akamalizia lile alilolileta hasa, akimwinamia mwenye majibu: "Baba, kubwa kuliko yote ni risasi. Mfupa wako una risasi nyingi mno. Umewahi kufanya kazi na betri? Na ule moshi kule nyuma ni wa nini?"

"Wanachoma mahindi," akasema Mzee wa Kanisa, akainuka kwa magongo yake na kufunga mkutano kwa sala fupi kuliko zote alizowahi kusali.

Dada hakudanganyika. Pale getini alitushika mkono mimi na Mama Bwire. Alituambia risasi ni mjanja: inajifanya kalsiamu, na mfupa unaifungulia mlango. Kwa mtu mzima inakaa humo miaka na miaka. Kwa mtoto inapita mpaka kichwani. "Huyo mtoto anayecheza kule nyuma," akasema, "mpelekeni apimwe damu. Na hiyo kazi iondoke hapo." Jioni ileile Mama Bwire alimwambia mumewe amwondoe Magesa. Nilimsikia kupitia minyaa akijibu, "Tutaangalia." Ndivyo alivyojibu kila jambo ambalo hakukusudia kuliangalia.

Waliosimama nyuma ya ua walikuwa wamesikia neno moja tu: risasi. Mzee wa Kanisa ana risasi mfupani! Na kwa mtu wa kawaida risasi haitoki kwenye betri, inatoka kwenye bunduki. Jioni ile sokoni Nyasho alikuwa ameshapigwa risasi na wezi wa ng'ombe. Kesho yake asubuhi, Nyakato, wezi walikuwa wamekuwa jeshi na ng'ombe wamekuwa nchi: alipigwa vita ya Kagera, akatembea na risasi miaka yote bila kumwambia mtu. Habari ilipofika Bunda alikuwa ameivuka mipaka na mwenzake mabegani. Nilimsikia kondakta akiieleza stendi, na nikajifunza mambo mengi kuhusu jirani yangu.

Je, alidanganya? Hapana, na ndiyo maana nasema alikuwa fundi. Mtu alipomuuliza, alishusha pumzi, akaangalia mbali upande wa ziwa, akasema, "Ya zamani tuyaache." Hilo si uongo. Vijana wa bodaboda wakaanza kumpigia saluti. Akaitikia kwa kuinua gongo, kwa sababu, alinieleza, kutoitikia salamu ni utovu wa adabu.

Sigara nazo zikapata maelezo. Kesi yake ilipaswa kusikilizwa na kamati ya nidhamu, ambayo mwenyekiti wake ni yeye, kwa hiyo iliahirishwa mara mbili kwa kukosa mwenyekiti. Ilipokuja kukaa, mzee mmoja akasema, "Askari huwa wanavutaga. Kule vitani kuna baridi." Mchungaji akasema vita ina mambo yake. Kijana wa sauti ya nne, ambaye hakwenda vita yoyote, hakurudishwa kwaya.

Halafu akaja mtu aliyetaka udiwani. Alimletea kofia, na kanga kwa ajili ya Mama Bwire, akamwomba akae naye jukwaani siku ya mkutano, asiseme kitu, akae tu. Mzee wa Kanisa akapima: kukaa tu si kusema uongo. Akakubali.

Muda wote huo karai liliendelea kuchemka nyuma ya nyumba ya shujaa.

Nyanjura sasa alikuwa darasa la pili. Mkono wake ulianza kunyanyuka swali likiwa limeisha, halafu ukawa haunyanyuki kabisa. Maneno aliyosoma vizuri mwaka uliotangulia aliyatazama kama watu aliowahi kukutana nao mahali. Akalia tumbo. Akalala juu ya dawati saa ya hesabu, uso umepauka. Nilimwita Mama Bwire shuleni, nikamwonyesha daftari la mwaka jana na la mwaka huu bila maelezo. Hakuketi hata kidogo. Kesho yake akampeleka mtoto akachukuliwe damu, akauza mbuzi wake kwa nauli na vipimo, na mumewe akaambiwa wanakwenda kusalimia Butiama.

Majibu yalirudi asubuhi ya mkutano wa yule mgombea. Nilikuwepo, kwa sababu Mama Bwire alinipitia. "Nisindikize, mwalimu. Nikiwa peke yangu nitapiga kelele." Tulimkuta sebuleni amevaa koti, kofia mpya imekaa sawa, anajitazama kwenye kioo cha kabati. Nyanjura alikuwa sakafuni, ameegemea ukuta.

"Mzee, damu ya mtoto imerudi," akasema Mama Bwire.

"Damu gani?"

"Ana risasi."

Mzee wa Kanisa hakugeuka. Tulimwona kwenye kioo.

Mama Bwire hakupiga kelele. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. "Niambie basi, ili na mimi nijue cha kuwajibu watu. Huyu wa darasa la pili naye alipigana vita gani?"

Nje gari la mgombea lilikuwa linapiga honi. Lilipiga tena. Mzee wa Kanisa alivua kofia, akaiangalia kwa ndani kana kwamba kuna kitu kimeandikwa mle, akakaa kitini vibaya, kwa ile nyonga yake mpya. Akamwita mtoto. Nyanjura akaja. Akamshika kifundo cha mkono kwa mazoea, kidole gumba kikaenda mahali pake, halafu kikashindwa kubonyeza. Akabaki ameushika tu ule mkono mdogo. Dereva aliingia kuuliza kulikoni, akatuona, akatoka.

Jumapili alisimama kanisani. Hakupewa nafasi, alisimama. Alisema hajawahi kushika bunduki maishani mwake. Wakati wa vita alikuwa Bunda anachaji betri. "Aliyenipiga risasi ni mimi mwenyewe," akasema, "kidogo kidogo, kwa karai, na nilikuwa nalipwa. Na mjukuu wangu nimempiga mimi. Na watoto wenu waliokuwa wanakuja kucheza kule nyuma, kawapimeni." Kisha akasema, kwa sauti ndogo zaidi, kwamba sigara ni za kweli.

Halafu mama mmoja wa mbele akasema, "Haleluya, unyenyekevu ulioje!" Wakapiga makofi. Ndiyo, wakapiga makofi. Nje, babu mmoja alinishika bega, machozi yakimtoka. "Umeona, mwalimu? Mashujaa wa kweli hawajisifugi."

Wenye sikio hawakukosekana, ila walisikia kipande walichokipenda. Kwa kuwa sasa amekiri sigara kwa mdomo wake na hakuna tena vita ya kumkinga, kamati ilikaa siku ileile, ikafanya kazi kwa kasi ambayo hatujawahi kuiona, ikamvua uzee wa kanisa kabla ya chai ya saa kumi. Habari ya watoto iliwekwa kwenye mengineyo, na mengineyo hayakufikiwa.

Kwa hiyo kazi hiyo akaifanya mwenyewe. Alimwambia Magesa ahame. Magesa akakasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika. "Mzee, si wewe ulinifundisha hii kazi? Si wewe ulisema moshi wa kazi hauui?"

"Nilisema."

"Sasa nikale wapi?"

Magesa alihamisha karai mpaka Nyakato, kwenye uwanja wa mtu mwingine. Mzee wa Kanisa, ambaye sasa hakuwa mzee wa kanisa lakini hatukuwa na jina jingine la kumwita, akapanda bodaboda na kigoda chake, akakaa ng'ambo ya njia kuuangalia uwanja ule. Kila mteja aliyefika alimshushia suruali kidogo upande wa nyonga, akamwonyesha kovu la upasuaji, akamweleza kadimiamu na risasi, vyote viwili, bila kujificha. Akina mama waliokuja na watoto aliwafukuza kwa gongo. Magesa alimwita mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti alimwomba aondoke, akaondoka, kesho akarudi. Ilifika siku Magesa mwenyewe akavuka njia na kikombe cha chai, akachuchumaa kando ya kigoda. Walizungumza mpaka chai ikapoa. Mwezi uliofuata Magesa alikuwa anakusanya betri mbovu na kuwauzia wanaozipeleka kiwandani, bila kuzipasua. Anasema biashara si mbaya, ila wavuvi bado wanamwona msaliti.

Ule uwanja wa Bweri alijaribu kuufukia kwa kifusi. Afisa afya alikuja, akatazama, akasema mtoto asikae pale. Basi wakafunga nyumba, wakahamia Butiama kwenye shamba la familia. Siku wanaondoka aliniaga kwa mkono wa kawaida kabisa, kiganja kwa kiganja. Tumbaku hakuwa ameacha. Alivuta hadharani, ameketi juu ya mzigo wa magodoro, na Mama Bwire alimsogezea kopo la majivu bila kumtazama.

Mwezi wa sita uliopita nilikwenda Butiama kwa semina ya walimu, nikapita kuwaona. Mama Bwire alinikumbatia, akaniwekea ugali wa mtama na maziwa, akaniambia sigara zimeisha tangu Krismasi, "au amepata mawe mengine, sijui." Mzee alikuja kutoka shambani kwa gongo moja. Amekonda. Nyonga ya pili nayo inasumbua, na madaktari wanataka kuibadilisha. "Nimewakatalia," akasema. "Hii ya kushoto nitazikwa nayo."

Nyanjura amerefuka. Amerudia darasa moja, na mwalimu wake, niliyekutana naye semina, ananiambia anakwenda polepole lakini anakwenda. Rangi imerudi usoni. Tulipobaki wawili, mzee aliniuliza, "Mwalimu, atarudi kama alivyokuwaga?"

"Sijui, baba," nikasema.

"Hata daktari alisema hivyohivyo." Alikwangua udongo kwa ncha ya gongo. "Nilidhani labda wewe ungejua zaidi."

Jua likiwa bado liko juu niliaga. Nyanjura akataka kunisindikiza mpaka barabarani, na njia inapita zizini. Babu yake alikuwa ametangulia kufungua maji.

"Mwalimu, nikutajie ng'ombe wetu?"

"Nitajie."

"Huyu Kamati. Babu anasema anakula sana na hatoi kitu. Yule Nidhamu, usimsogelee, anapigaga teke." Akaonyesha ndama mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji. "Na huyu…"

Jina halikuja. Akakunja uso. Akafumba macho, vidole vikigusagusa mti wa boma. Mimi silijui jina la ndama yule, nisingeweza kumsaidia hata kama ningetaka. Nikamtazama babu yake, aliyesimama hatua chache kutoka kwetu. Midomo yake ilikuwa tayari imeshika herufi ya kwanza. Akaifunga. Akashika nguzo ya boma kwa mikono miwili, gongo likaanguka, asiliokote. Pikipiki ilipita barabarani ikapotelea mteremkoni. Ng'ombe walicheua. Mama Bwire alitoka mlangoni na sufuria, akatuona tulivyosimama, naye akasimama.

"Rufaa," akasema Nyanjura. "Anaitwa Rufaa."

Mzee aliachia nguzo, akainama kwa shida akaliokota gongo lake, akaenda kumsogezea Rufaa maji.